Mgeni na Kiasi: Utalii wa Visiwa vya Mbali na Fundisho Lake kwa Saza

Saza ni mahali padogo katika Wilaya ya Songwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, katika nchi ya dhahabu iitwayo Lupa. Dhahabu ya mchangani ilianza kuchimbwa Lupa katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 nchi hiyo ilijaa watu waliotoka pande zote kuitafuta. Saza yenyewe ilipata mgodi wa chini kwa chini, uliohesabiwa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu ya Tanganyika. Mwaka wa 1956 mgodi huo ulifungwa. Mashine zilinyamaza, na waliofuata kazi wakaenda zao. Dhahabu haikwisha kabisa ardhini, na katika karne hii uchimbaji mkubwa umerejea wilayani humo. Walakini kisa cha mwaka wa 1956 kilikwisha kuonyesha jambo moja waziwazi, ya kwamba biashara iuzayo kitu chenyewe hudumu kwa kadiri ya kitu hicho, wala haizidi hapo.

Yaweza kuonekana ajabu kuanza habari za utalii wa visiwani kwa mgodi ulio mamia ya kilomita kutoka baharini. Sababu yake ni kwamba utalii nao waweza kuwa uchimbaji. Watu husafiri mbali ili waone ndege, samaki, matumbawe, au barafu. Na kama hapana mtu aliyeweka kiasi, wale wale waliokuja kutazama huwa ndio wanaokimaliza kitu kilichowaleta. Hatari hiyo ipo kila mahali, lakini katika visiwa vidogo vya mbali huonekana upesi zaidi. Kwa hiyo visiwa hivyo vyafaa kuchunguzwa na kila nchi ya bara inayotaka kuwakaribisha wageni, na Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka wa 2016, ni mmoja wa mikoa hiyo.

Kabla ya kuvifikia visiwa, maneno yenyewe yastahili kuangaliwa, kwa kuwa katika jambo hili maneno yameficha nusu ya hoja. Neno utalii latokana na kitenzi talii, chenye asili ya Kiarabu. Na katika lugha hiyo shina lake lachukua maana ya kutazama kwa makini, kuchungua, na kusoma. Ndugu yake wa karibu ni mtalaa, yaani masomo, neno ambalo siku hizi husikika zaidi kwa umbo la mtaala, kwa maana ya utaratibu wa mafunzo ya shule. Basi kwa asili yake mtalii si mtu wa kustarehe tu, bali ni mtu asomaye nchi kama mwingine asomavyo kitabu. Na msomaji mwema hachani kurasa.

Neno hifadhi nalo lina mafunzo yake. Mwanafunzi wa chuoni huhifadhi Kurani, na mlinzi huhifadhi msitu. Kitenzi ni kimoja, na maana ni moja: kukishika kitu kizima kizima, pasipo kupoteza sehemu yake, ili kiweze kupokewa na yule ajaye baadaye. Aliyehifadhi nusu ya sura hasemwi kuwa ameihifadhi sura.

Neno la tatu, endelevu, ni geni kuliko hayo mawili, lakini limeundwa kwa kanuni ya Kibantu iliyo ya zamani sana. Kama potea ilivyozaa -potevu, na tulia ikazaa -tulivu, ndivyo endelea ilivyozaa -endelevu. Hapo pana mtego. Kitenzi kile kile cha endelea ndicho kilichozaa maendeleo, na maendeleo katika matumizi ya kila siku huhesabiwa kwa kuongezeka: vitanda vingi zaidi, ndege nyingi zaidi, wageni wengi zaidi mwaka huu kuliko mwaka jana. Uendelevu, kinyume chake, mara nyingi hutaka mtu asimame na kusema: basi, hapa panatosha. Maneno mawili ya tumbo moja yaamuru mambo yasiyopatana, na mtu asiyeyatenga huweza kupanga la kwanza akidhani amepanga la pili.

Sasa yapasa kueleza kwa nini kisiwa ni dhaifu kuliko bara. Kwanza, maji ya kisiwani yana mwisho: yakiisha hapana mto wa jirani wa kukimbilia. Pili, viumbe vya kisiwa cha mbali vimekaa vizazi vingi pasipo adui wa nchi kavu, hata ndege wengi hutaga chini au katika mashimo bila hofu. Panya mmoja aliyetoka chomboni ni maafa kwao. Tatu, kilichofia kisiwani aghalabu hakirudishwi na jirani, maana jirani ni bahari. Katika visiwa vya kandokando ya ncha za dunia huongezeka jambo la nne: baridi huchelewesha kila kitu, kiasi kwamba kuvu na nyasi zilizokanyagwa leo huenda zikachukua miaka mingi kupona.

Mfano mkubwa wa visiwa vya baridi ni South Georgia, kilichoko katika bahari ya kusini, mashariki ya ncha ya Amerika ya Kusini. Ni kisiwa chenye urefu wa kilomita zipatazo 165, na sehemu yake kubwa imefunikwa na barafu. Hakina wenyeji wa kudumu; wakaao huko ni maofisa wachache na wataalamu wa sayansi. Nahodha James Cook alipanda huko mwaka wa 1775, na habari alizoziandika juu ya wingi wa sili ziliwavuta wawindaji, ambao kwa miaka mingi waliwaua wanyama hao kwa ajili ya ngozi zao hata wakakaribia kwisha. Mwaka wa 1904 Carl Anton Larsen, mtu wa Norwei, alijenga kituo cha kuchinjia nyangumi mahali paitwapo Grytviken. Tangu mwaka huo mpaka katikati ya miaka ya 1960, nyangumi wapatao 175,000 walikamuliwa mafuta katika vituo vya kisiwa hicho. Grytviken ilifungwa mwaka wa 1966, miaka kumi baada ya mgodi wa Saza, na kwa sababu ambayo mchimbaji yeyote angeielewa: nyangumi waliobaki hawakutosha tena kulipa gharama ya kuwatafuta.

Wawindaji hao waliacha nyuma yao mambo mengine mbali na mifupa. Panya waliotoka katika meli walienea pwani na kula mayai na makinda ya ndege. Kulungu wa nchi za baridi, walioletwa tangu mwaka wa 1911 ili wawe kitoweo, waliongezeka na kuyakwangua majani. Yuko ndege mdogo aimbaye asiyepatikana mahali pengine popote duniani isipokuwa South Georgia. Kwa ajili ya panya alikuwa amebakiwa na visiwa vidogo vya pembeni na sehemu chache ambazo panya hawakuzifikia.

Wageni wa leo wa South Georgia hufika kwa meli kutazama sili, pengwini, na magofu ya Grytviken. Wangeweza kuwa wimbi la tatu la uharibifu baada ya ngozi na mafuta. Lililozuia hayo ni masharti yaliyowekwa kwao. Meli haiwezi kushusha watu pasipo kibali. Watu wasiozidi mia moja ndio wawezao kuwa ufukoni mahali pamoja kwa wakati mmoja. Viatu husuguliwa, na mifuko ya nguo hukaguliwa, isije ikawa mbegu ya jani geni imejificha katika mshono. Hoteli hakuna, mgeni hulala melini alikotoka. Katika miaka ya 2011 hadi 2015 panya waliangamizwa kwa sumu iliyotupwa kutoka helikopta, na kulungu nao waliondolewa. Na mwaka wa 2018, baada ya uchunguzi wa makini, ilitangazwa kwamba kisiwa hakina panya tena. Yule ndege mdogo amerudi kutaga mahali ambapo hakuonekana tangu siku za wawindaji.

Kisiwa cha pili ni cha nyumbani. Chumbe ni kisiwa kidogo cha jiwe la matumbawe, kusini-magharibi mwa mji wa Unguja, kiasi cha kilomita 12 kwa njia ya bahari. Urefu wake wapata kilomita moja tu. Mwaka wa 1904, yaani mwaka ule ule wa Grytviken, palijengwa mnara wa taa wa kuongoza vyombo, na karibu yake nyumba ya mlinzi wa taa na msikiti mdogo. Mwamba wa matumbawe wa upande wa magharibi ulikuwa karibu na njia ya vyombo vikubwa, na kwa muda mrefu haukuvuliwa sana. Kwa hiyo ulipochunguzwa na wataalamu ulionekana kuwa na jamii za matumbawe magumu zipatazo 200 na mamia ya jamii za samaki, katika eneo ambalo mtu aweza kulizunguka kwa ngalawa kabla ya chakula cha mchana.

Kampuni ya kuhifadhi kisiwa hicho ilianzishwa mwaka wa 1991, na mwaka wa 1994 Serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba wa magharibi na msitu wa kisiwani kuwa hifadhi, ikaikabidhi kampuni hiyo kazi ya kuisimamia. Wavuvi wa vijiji vya jirani waliajiriwa na kufundishwa kuwa walinzi. Walinzi hao hawachukui silaha. Kazi yao ni kumfuata mvuvi aliyeingia ndani ya mpaka na kumweleza, kwa lugha ya bahari ambayo wote wawili waijua, kwamba samaki wakiachwa wazae kwenye mwamba huu watavuka mpaka wenyewe na kuingia katika nyavu za nje. Maelezo kama hayo yana uzito yakitoka kinywani mwa mtu aliyewahi kuvuta nyavu, kuliko yakitoka katika karatasi ya ofisi.

Chumbe nayo ilikuwa na panya, na mwaka wa 1997 waliondolewa. Kadhalika paa nunga, paa mdogo wa misitu ya Unguja aliye katika hatari ya kutoweka, aliletwa ili apate makao yasiyo na mbwa wala wawindaji. Ni vema kuangalia jinsi visiwa hivi viwili, kimoja cha barafu na kingine cha joto, visivyojuana wala kufanana kwa lolote, vilivyopatwa na ugonjwa mmoja na kutumia dawa moja. Hiyo ni dalili kwamba udhaifu wao hautokani na hali ya hewa, bali na kule kuwa visiwa.

Hata hivyo fundisho kubwa la Chumbe limo katika maji. Kisiwa hakina kisima cha maji matamu. Nyumba za wageni, ambazo ni saba tu, zilijengwa kwa mapaa mapana yanayokinga mvua. Maji huchujwa na kuingia katika matangi yaliyo chini ya sakafu, na hayo ndiyo ya kuogea mpaka mvua nyingine inyeshe. Maji yaliyokwisha kutumika hupitishwa katika vitanda vya mimea inayokula taka zake, yasije yakatiririka baharini na kuyalisha majani yasongayo matumbawe. Vyoo havitumii maji kabisa. Kinyesi huchanganywa na majani makavu na kuoza mpaka kikawa mboji. Umeme ni wa jua. Taa za nje hupunguzwa usiku, ili viumbe vya usiku visipotezwe njia.

Msomaji aweza kuyaona mambo hayo kuwa ni ufundi tu, lakini ndani yake mna utaratibu wa fikira. Kwa desturi mjenzi wa hoteli huuliza kwanza: wageni wangapi wanatakiwa ili biashara ilipe? Akiisha kupata hesabu hiyo, hutafuta maji ya kuwatosha; na yakikosekana, huchimba kisima kirefu zaidi, mpaka maji ya chumvi yakaingia katika visima vya kijiji cha jirani. Chumbe swali lilianza upande wa pili: mvua ya mwaka ni kiasi gani, paa laweza kukinga kiasi gani, na watu wangapi waweza kuoga maji hayo mpaka masika yajayo? Jawabu ndilo lililokuwa idadi ya vitanda. Kwa South Georgia kipimo si maji bali ni ufuko, lakini utaratibu ni ule ule. Kiasi kilitangulia, mgeni akafuata. Hapa ndipo tofauti ya kweli kati ya utalii endelevu na utalii mwingine ilipo. Mengine yote, hata yawe mazuri namna gani, ni matawi yake.

Kuna hoja za kuupinga utaratibu huu, na si haki kuzinyamazia. Ya kwanza ni ya bei. Wageni wakiwa wachache, kila mmoja hulipa sana, na kwa hiyo kisiwa huwa cha matajiri wa mbali. Hoja hii ina ukweli, na Chumbe ilijaribu kuijibu kwa kuwapeleka wanafunzi wa shule za Zanzibar, maelfu kwa miaka mingi, waogelee juu ya mwamba na kuona matumbawe ambayo wengi wao, ingawa ni watoto wa pwani, hawakuwahi kuyaona. Jibu hilo halimalizi hoja yote, lakini laonyesha kwamba fedha ya mgeni mmoja yaweza kununua somo la watoto wengi, mradi mwenye kisiwa ameamua hivyo.

Hoja ya pili ni ya wavuvi. Mwamba ukifungwa, kuna mtu aliyekuwa akipata kitoweo hapo ambaye kesho hatapata. Samaki kuvuka mpaka ni faida ya baadaye, na njaa ni ya leo. Ndiyo sababu ajira za walinzi na kazi za nyumba za wageni zilipaswa kwenda kwa watu wa vijiji vile vile vilivyopoteza mahali pa kuvulia. Hifadhi isiyolipa deni hilo hulindwa kwa bunduki, na bunduki ni gharama isiyokwisha.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Masharti ya kisiwa hayawezi kuzuia yatokayo nje. Mwaka wa 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipauka na kufa. Joto la namna hiyo lilirudi mwaka wa 2016. Hakuna mlinzi awezaye kulizuia joto mpakani. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa Uviko ulipozifunga safari za dunia, hifadhi zilizotegemea fedha ya wageni peke yake zilijikuta na kazi ile ile ya ulinzi bila mapato. Mwaka wa 2023 homa ya mafua ya ndege ilifika South Georgia ikiletwa na ndege wenyewe, na baadhi ya fukwe zikafungwa kwa wageni. Kutokana na hayo yafaa kukumbuka kwamba utalii, hata ulio mwema, ni mguu mmoja. Na kisiwa kisimamacho kwa mguu mmoja huanguka upepo ukizidi. Lakini kisiwa kilicholindwa dhidi ya madhara ya karibu huwa na nguvu zaidi za kuyapokea ya mbali, kama mwili usio na kidonda uvumiliavyo homa.

Sasa hoja yaweza kurudi Songwe. Mkoa huo tayari una kitu kinachowavuta wageni: Kimondo cha Mbozi, pande la chuma lililoanguka kutoka angani, lenye urefu wa mita zipatazo tatu na uzito unaokadiriwa kuwa tani kadhaa juu ya kumi. Wataalamu walilichunguza tangu mwaka wa 1930, na alama ya msumeno uliokata kipande chake ingalipo. Kimondo ni mgeni mvumilivu kwa wageni wenzake. Watu elfu wakikigusa, hakiugui. Lakini hicho chaweza kuwafundisha watu vibaya, wakadhani kwamba kila kitu cha kutazamwa kina moyo wa chuma.

Magharibi ya Saza, chini katika Bonde la Ufa, liko Ziwa Rukwa, na ziwa hilo halifanani na kimondo. Lina viboko, mamba, na ndege wengi wa majini. Maji yake hupanda na kushuka sana kwa miaka, na katika nyakati za ukame limewahi kupungua mno. Jambo kubwa juu yake ni kwamba halina mto utokao. Udongo unaoteremshwa na vijito kutoka nchi ya Lupa, na zebaki ambayo wachimbaji wadogo huitumia kunasia dhahabu, vikifika ziwani havina njia ya kwenda mbele. Basi Rukwa ni kisiwa kilichogeuzwa: badala ya nchi iliyozungukwa na maji, ni maji yaliyozungukwa na nchi, na udhaifu wake ni wa kisiwa.

Siku watu wa Saza na vijiji vya ziwani watakapotaka kuwapokea wageni wa Rukwa, swali la kwanza halitakuwa la barabara wala la hoteli, ingawa yote mawili yatahitajika. Litakuwa: ziwa hili laweza kustahimili mashua ngapi, kambi ngapi, na maji machafu kiasi gani, katika mwaka ambao maji yake ni machache, si katika mwaka wa neema? Kisha lifuatalo: ni nani katika vijiji hivyo atakayepewa kazi ya kulinda, na nani atakayepoteza mahali pa kuvulia au kuchungia? Na vijito vya Lupa visiposafishwa kwanza, mgeni ataitwa kuja kutazama kitu kinachokufa. Hesabu hizo ni rahisi kufanywa kabla ya mgeni kuja. Akiisha kufika, na watu wakiisha kuzoea fedha yake, kila kiasi kitakachotajwa kitaonekana kuwa ni hasara.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo hutajwa sana siku hizi katika mikutano ya utalii, na aghalabu kwa maana ya fedha. Lakini waliyoitamka walichagua kitenzi cha kupona, nao hawakusema atajirike. Katika Chumbe na South Georgia mwenyeji wa kwanza ni mwamba, ufuko, na ndege atagaye chini. Na huko, baada ya mateso ya muda mrefu, mwenyeji huyo ameanza kupona wakati mgeni yupo. Saza, iliyokwisha kuona mgodi ukifungwa, haihitaji kufundishwa maana ya kitu kwisha. Inalohitaji ni kukiweka kiasi cha ziwa lake mapema, ingali na nafasi ya kuchagua.